Taa nyekundu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, usikimbilie kujazia mafuta ya breki

Ile taa nyekundu yenye duara na alama ya mshangao katikati, pembeni ina mabano mawili, ndo taa ya breki. Kwa gari zetu nyingi hizi za Kijapani, IST, Vitz, Premio, Noah, Probox, taa hiyohiyo moja ina kazi zaidi ya moja. Ukivuta handibreki inawaka, mafuta ya breki yakishuka kwenye chupa yake inawaka, na kwenye gari zenye ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijamu, inaweza kuwaka pia mfumo huo ukipata hitilafu kubwa. Ndo maana watu wanaizoea, mtu anaona nyekundu anasema aah hiyo ni handibreki tu, gari inatembea wiki na wiki ikiwa hivyo. Naandika haya kwa mtu ambaye taa imemuwakia leo, hana fundi pembeni, na anataka kujua aendelee na safari au apaki.

Ikiwaka ukiwa barabarani usishtuke ukakanyaga breki kwa nguvu, maana aliye nyuma yako hajui kinachoendelea. Toa mguu kwenye mafuta, gari ianze kupungua yenyewe, alafu gusa breki taratibu usikilize mguu unasemaje. Pedeli ikishika palepale ilipokuwa inashika siku zote na gari inapungua vizuri, una nafasi ya kutafuta sehemu nzuri ya kusimama, iwe kituo cha mafuta, bega pana la barabara, popote pasipo na kona wala mteremko. Lakini pedeli ikizama kwenda chini kuliko kawaida, au ni laini laini kama unakanyaga sponji, au ni ngumu kama jiwe na gari haishiki, safari imeishia hapo. Washa hazadi, toka barabarani, weka pembetatu nyuma ya gari, piga simu ya fundi au gari ya kuvuta. Hata kama nyumbani ni kilomita tatu. Ukiwa spidi 80 gari inakula zaidi ya mita 22 kila sekunde moja, na hizo kilomita tatu zina watoto wanavuka, zina bodaboda, zina bajaji inakata bila taa.

Sawa, umesimama. Cha kwanza kabisa ni handibreki, maana ndo sababu nyepesi. Ishushe mpaka mwisho, kuna wakati inabaki jino moja juu na jino moja linatosha kuwasha taa. Gari zingine handibreki ni ya mguu, iko kushoto kabisa, ndo wengi wanaisahau. Kama umetembea nayo imevutwa usidharau, shuka uzungukie tairi za nyuma, usizishike ila sogeza kiganja karibu na rimu. Ukisikia joto kali au harufu ya kuungua, acha gari ipoe kwanza, na usimwagie maji, disiki au dramu yenye moto ukiimwagia maji inaweza kupinda au kupata ufa. Taa ikizima baada ya kushusha handibreki na pedeli iko vizuri, endelea, ila siku hizo hizo mwambie fundi aangalie shuu za nyuma, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani.

Handibreki iko chini na taa bado inawaka? Sasa fungua boneti. Hakikisha gari iko sehemu tambarare na injini imezimwa. Gari yenye usukani kulia, chupa ya mafuta ya breki mara nyingi iko upande wa dereva, nyuma kabisa karibu na kioo cha mbele, ni kichupa cha plastiki cheupe kinachoonyesha ndani, kimekaa juu ya masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli. Pembeni kina mistari miwili, MAX na MIN. Kama plastiki imezeeka imekuwa ya njano, mulika na tochi ya simu kwa upande wa pili na utaona kivuli cha mafuta kinaishia wapi. Usifungue kifuniko bado, angalia kwanza kwa nje. Ukija kufungua, futa vumbi lote kwenye kifuniko na kitambaa safi, maana mchanga kidogo tu ukiingia humo unaenda kukwangua ndani ya masta silinda.

Hapa ndo penye jambo lenyewe ninalotaka ulishike. Mafuta ya breki hayaliwi. Si kama mafuta ya injini ambayo gari iliyochoka inaweza kuyaunguza kidogo kidogo, wala si petroli. Mfumo wa breki umefungwa, ukikanyaga mafuta yanasukumwa kwenda kwenye tairi, ukiachia yanarudi. Kwahiyo kama yameshuka mpaka yakawasha taa, kuna mahali yameenda, na mahali penyewe ni pawili tu, ama yamejaza nafasi iliyoachwa na pedi zilizokwisha (pedi ni vile vipande vinavyobana disiki), ama yamemwagika nje. Sasa wewe ukienda dukani ukanunua kikopo ukajazia mpaka MAX, taa itazima, utafurahi, na ile habari uliyokuwa unapewa umeifunika. Hii ndo tabia inayoniumiza kuliko zote, na inafanywa hata na mafundi, unampelekea gari anajazia anakwambia tayari mzee.

Tuanze na pedi. Pedi mpya ya mbele ya gari ndogo ina unene wa milimita kama 10 hivi ukiacha bati lake. Inavyozidi kulika, pistoni ya kwenye kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, inatoka nje zaidi kuifuata, na nyuma ya pistoni lazima pajae mafuta, kwahiyo chupani yanashuka polepole, miezi na miezi, bila tone kuanguka chini. Dalili yake ya kwanza ni taa kumulika ukikata kona au ukifunga breki alafu inazima, kwasababu mafuta yakiyumba upande mmoja kile kiboya cha ndani kinashuka kinawasha taa, mafuta yakitulia kinapanda tena. Ukiona hivyo usisubiri iwake moja kwa moja. Chungulia kati ya spoku za rimu, kama rimu yako iko wazi utaiona pedi imebana disiki, pedi ikibaki milimita 3 nenda kabadilishe, usingoje imalizike. Pedi nyingi zina kiulimi cha chuma ambacho pedi ikibaki nyembamba kinaanza kugusa disiki na kupiga kelele nyembamba ya kukera, iii iii, ukiwa spidi ndogo. Kelele hiyo ikigeuka kuwa kukwaruza kwa chuma na chuma, ujue sasa unakula disiki, na disiki ni hela nyingi kuliko pedi. Pedi zinabadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, ukibadili upande mmoja gari itavuta upande.

Na hapa utaona kwanini kujazia ni kosa hata pale ambapo hakuna hatari. Ukiwa umejazia mpaka MAX na pedi zimekwisha, siku fundi anaweka pedi mpya lazima airudishe pistoni ndani, mafuta yote yale yanarudi chupani, chupa inafurika, yanamwagika kwenye bodi, na mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Ukiyaona kwenye rangi mwagia maji mengi hapohapo.

Sehemu ya pili ni kuvuja, na hii ndo inaua. Zunguka gari taratibu, chuchumaa kila tairi, angalia upande wa ndani wa tairi sio wa nje. IST na Vitz nyingi nyuma zina dramu, na ndani ya dramu kuna kisilinda kidogo chenye vipira viwili, vipira vikichoka mafuta yanatoka yanalowanisha shuu, yanashuka kwa ndani ya dramu, yanachora mstari wa maji maji kwenye ukuta wa ndani wa tairi. Vumbi linagandia hapo linakuwa tope jeusi, wakati tairi ya upande wa pili ni kavu. Gusa kwa kidole, mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza, yakiwa mapya ni ya njano hafifu na yakizeeka ni kahawia au meusi. Maji ya AC ni maji tu, yanakauka hayaachi utelezi. Ukishamaliza tairi, angalia mipira ya breki kwa mbele inapokunjwa ukikata usukani, kama ina nyufa au imevimba, alafu angalia ndani kwa dereva, nyuma ya pedeli kwenye kapeti, masta silinda ikichoka inaweza kuvujia huko ndani au kwenye busta, kile kifaa kinachokusaidia kukanyaga pedeli bila kutumia nguvu nyingi, bila wewe kuona tone chini ya gari.

Kuna kipimo hakihitaji spana. Gari imesimama, gia iko P, injini inawaka, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida uishikilie nusu dakika hivi. Pedeli ikibaki palepale, vizuri. Ikianza kuzama taratibu kwenda chini wakati hujaongeza nguvu, presha inapotea, ama kuna kuvuja nje ama vipira vya ndani ya masta silinda vimechoka na mafuta yanapita kurudi nyuma. Gari hiyo haiendeshwi. Pedeli ikiwa ya sponji lakini ukipampu mara mbili tatu inapanda, kuna upepo ndani ya mfumo. Na kama ni ngumu kupita kiasi, zima injini, pampu mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie chini alafu washa injini. Ikishuka kidogo yenyewe busta iko hai, isiposhuka busta au mpira wake wa upepo umekufa.

Wenye Hiace na Hilux za dizeli, zile injini za 2L, 3L na 5L, kuna kitu chenu. Pampu inayovuta upepo wa busta imefungwa nyuma ya alteneta. Kwahiyo mkanda ukikatika au alteneta ikijamu, unapoteza chaji na baada ya kukanyaga mara chache pedeli inakuwa ngumu. Ukiona taa ya betri na ya breki zimewaka pamoja kwenye gari ya namna hiyo, simama mapema ukiwa bado una breki, abiria washuke.

Mtu ataniuliza, sasa kama niko Chalinze au Gairo saa tatu usiku, mafuta yako chini ya MIN, sijaona kuvuja popote, pedeli ni nzuri? Hapo jazia kidogo tu yapite MIN, tia alama na peni kwenye chupa, jaribu breki ukiwa spidi ya kutembea kwa mguu, alafu nenda polepole mpaka kwenye fundi wa karibu, ukisimama njiani kuangalia ile alama. Ikishuka hata kidogo ndani ya safari fupi namna hiyo, inavuja, paki. Hiyo ni njia ya kufika kwa fundi tu, usije ukafanya ndo matengenezo.

Inawezekana pia chupa imejaa vizuri, handibreki iko chini, pedeli nzuri, na taa inawaka. Hapo mara nyingi ni swichi. Kwenye chupa ya mafuta kuna soketi yenye nyaya mbili, ama kwenye kifuniko ama chini, ichomoe, taa ikizima ujue kiboya kimenasa au sensa imekufa. Isipozima, fuata swichi ya handibreki, nayo ina waya wake chini ya mkono, ichomoe uone. Ukishajua rudisha soketi na ubadilishe kilichokufa. Usiache imechomolewa, maana siku mafuta yakiisha kweli hakuna kitakachokwambia.

Taa ya ABS ya njano ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, ulichopoteza ni ule msaada wa kuzuia tairi zisijamu ukifunga ghafla. Nenda taratibu, ongeza umbali na gari ya mbele hasa mvua ikinyesha. Sababu mara nyingi ni sensa ya kwenye tairi imejaa uchafu au waya wake umekatwa wakati wa kubadili beringi au jointi, kwahiyo kama imewaka siku mbili baada ya kutoka gereji unajua pa kuanzia kuuliza. Ila ABS na ile nyekundu zikiwaka kwa pamoja, mgao wa breki kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umepotea na tairi za nyuma zikajamu kwanza, gari inageuka. Hapo simama, na kama ni lazima iondoke ivutwe. Wenye Prius na Aqua breki zenu zinaendeshwa kwa umeme na kompyuta, fundi asiye na mashine ya kupima ya gari hiyo asiguse.

Ikitokea breki zimekataa kabisa gari ikiwa inatembea, usizime gari na usichomoe ufunguo, usukani utakuwa mzito na unaweza kujifunga. Pampu pedeli haraka haraka, kuna mizunguko miwili ya mafuta kwenye gari karibu zote za sasa, mmoja ukifa mwingine unaweza kushika ukikanyaga mpaka chini. Punguza gia, kwa otomatiki ya IST toa D weka 2, spidi ikipungua weka L, kwa manyuo shuka gia moja moja. Handibreki ivute kidogo kidogo huku kidole kiko kwenye kitufe ili uweze kuiachia, ukiivuta yote kwa mara moja tairi za nyuma zinajamu. Piga honi, washa hazadi, tafuta mwinuko, shamba, ukingo wa udongo wa kusugua ubavu wa gari, chochote kisicho na watu.

Na wale wa miteremko ya Kitonga, Sekenke, au kushuka Lushoto kupita Soni, naomba sana. Kuweka gari nyutro ili kuokoa mafuta mteremkoni ni kuitoa injini isikusaidie kushikilia gari, uzito wote unabaki kwenye pedi. Pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanapata moto, na mafuta yaliyokwisha kunywa unyevu yanachemka mapema. Mafuta ya breki yana madaraja yanayoitwa DOT. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, ikishanywa unyevu kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, mguu unaenda mpaka chini na hakuna kitu. Anza kushuka na gia ndogo tangu juu, ukisikia harufu ya kuungua tafuta sehemu usimame upumzishe gari nusu saa.

Kwasababu hiyo mafuta ya breki yanabadilishwa yote kila miaka miwili hivi, na kwa sisi wa Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, kwenye hewa yenye unyevu mwaka mzima, usivuke hapo. Soma kifuniko cha chupa kimeandikwa DOT ngapi ununue hiyo. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, DOT 5 ya silikoni usichanganye na kitu. Nunua kikopo kilichofungwa na sili, kile kilichofunguliwa kikakaa kwenye shelfu mwaka kimeshakunywa unyevu. Mafuta ya gia, mafuta ya pawa stelingi, mafuta ya injini, hata tone usiweke, vipira vyote vya breki vinavimba na utabadilisha mfumo mzima. Maji ndo usiweke kabisa.

Ukifika kwa fundi usimwambie "nijazie", mwambie "mafuta ya breki yamepungua, nataka kujua yameenda wapi", alafu kaa hapo. Afungue tairi zote nne na dramu za nyuma uone mwenyewe. Akishatengeneza lazima atoe upepo, kwa usukani wa kulia wengi wanaanza tairi ya nyuma kushoto ambayo iko mbali zaidi na masta silinda, mmoja anapampu anashikilia, mwingine anafungua kinati cha kutolea upepo kwenye tairi anafunga, mpaka mapovu yaishe, na chupa ya juu isiachwe ikauke. Mafuta yaliyotoka yanamwagwa, kuna wanaoyakinga kwenye kopo na kuyarudisha juu, kataa. Kabla hujalipa, kanyaga pedeli, fanya kile kipimo cha nusu dakika, zungusha gari hapohapo uwanjani. Pedi mpya zipe kilomita kama 200 au 300 za kwanza bila kufunga breki kwa nguvu kama hakuna dharura.

Kingine kwa anayenunua gari iliyotumika. Washa swichi bila kuwasha injini, taa ya breki na ya ABS lazima ziwake, alafu zizime injini ikishawaka na handibreki ikishushwa. Taa isiyowaka kabisa kwenye swichi, balbu imeungua au kuna mtu ameitoa ili usione. Usilipe chochote mpaka fundi wako afungue tairi.